Mapipa Bilioni Tano Yatakayobaki Chini

Pale Wanseko, mwalo wa Uganda kwenye Ziwa Albert ambapo feri ya Panyimur hutia nanga, mvuvi mmoja wa makamo alimgeukia kijana aliyevaa fulana ya mkandarasi. Waliongea Kiswahili, kama wanavyoongea watu wa huku na ng'ambo mambo ya biashara yakianza. "Kijana wangu, tunaambiwa chini huko kuna mapipa bilioni sita na nusu. Halafu tunaambiwa yatatoka bilioni moja na kitu. Hayo mengine mnamwachia nani?"

Kijana akacheka. "Mzee, hayo yamegoma kutoka."

Feri ikaanza kupakia, watu wakatawanyika. Jibu lile limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu lina ukweli kuliko alivyokusudia mwenyewe. Mafuta kweli hugoma. Na sehemu ya mgomo huo hutegemea kiasi cha chumvi katika maji yanayotumwa kuyasukuma.

## Hesabu ya asilimia moja

Takwimu ambazo serikali ya Uganda imekuwa ikizitoa ni mapipa bilioni 6.5 yaliyomo mwambani na bilioni 1.4 yanayoweza kutolewa. Ni kama asilimia 21 au 22. Takriban bilioni 5 zinabaki.

Asilimia moja ya bilioni 6.5 ni mapipa milioni 65. Mradi wa Tilenga umepangiwa mapipa 190,000 kwa siku na ule wa Kingfisher 40,000, jumla 230,000. Kwa kasi hiyo, asilimia moja tu ya nyongeza ni zaidi ya miezi tisa ya uzalishaji katika kilele chake. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana si kila pipa katika zile bilioni 6.5 liko kwenye mashamba yanayoendelezwa sasa, lakini inatosha kuonyesha kwa nini wahandisi hugombania asilimia ambazo mtu wa nje angezipuuza.

Na hapa ndipo Ziwa Albert linapoingia.

## Yamegoma kwa sababu mbili

Tilenga ina mpango wa visima zaidi ya 400 kwenye viwanja 31, na karibu nusu yake havitatoa mafuta kamwe. Ni visima vya kudunga maji, kazi yake kutunza shinikizo na kuyasukuma mafuta kuelekea visima vya uzalishaji.

Maji hayo huacha mafuta nyuma kwa njia mbili tofauti, na ukizichanganya hutaelewa lolote linalofuata.

Ya kwanza: maji hayakuyafikia. Mafuta mazito yana mnato kuliko maji, kwa hiyo maji hutoboa njia ya mkato katika tabaka linalopitika vizuri, yakatokea kisima cha pili na kuacha tabaka zima pembeni bila kuguswa.

Ya pili: maji yalifika, yakapita, na mafuta yakabaki palepale kwenye vinyweleo vya mwamba, mengine kama matone yaliyonaswa, mengine kama utando ulioganda kwenye chembe za mchanga.

Kupunguza chumvi hutibu hii ya pili tu. Anayekuahidi kwamba maji ya chumvi kidogo yatafika mahali ambapo maji ya kawaida hayakufika, mwombe akueleze yatapitia wapi.

## Gundi yenye mikono miwili

Katika mchanga wa mwamba hifadhi mna udongo wa mfinyanzi, na uso wa udongo huo, hasa kaolini, una chaji hasi. Mafuta ghafi yana molekuli zenye ncha za asidi, nazo zina chaji hasi pia. Kwa kawaida vingesukumana. Kinachovishikanisha ni ioni (chembe yenye chaji) ya kalsiamu au magnesiamu iliyo katikati, yenye chaji chanya mbili: mkono mmoja umeshika udongo, mwingine umeshika mafuta.

Dunga maji yenye chumvi nyingi na hakuna kinachobadilika, kwa sababu kalsiamu imejaa tele.

Dunga maji yenye chumvi kidogo na mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Utando mwembamba wa maji kati ya mafuta na mwamba huongezeka unene, kwa kuwa ioni za kuzizima zile chaji zimepungua, na mafuta husukumwa mbali na uso. Kalsiamu hubanduka ili kusawazisha maji mapya, na nafasi yake kwenye udongo huchukuliwa na sodiamu au hidrojeni. Hidrojeni ikichukuliwa, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya pale pale usoni hupanda, na hilo peke yake hulegeza asidi za mafuta. Mwamba uliokuwa ukipenda mafuta huanza kupenda maji.

Kundi la watafiti wa kampuni ya mafuta ya BP lilitetea ubadilishanaji wa ioni mwaka 2006. Ligthelm na wenzake wakatetea utando wa maji mwaka 2009. Austad na wenzake wa Stavanger wakaja na pH ya usoni mwaka 2010. Kabla yao, Tang na Morrow wa Wyoming walikuwa wameonyesha mwaka 1999 kwamba chembe ndogo za udongo hung'oka na kuondoka na mafuta yaliyozishikilia. Kila kundi lilikuwa na majaribio ya kulitetea.

Kwa maoni yangu ugomvi huo ulipewa uzito kupita kiasi. Kwa anayetaka kupanga mradi, nadharia zote zinadai vitu vinavyofanana: udongo wa mfinyanzi uwepo, mafuta yawe na asidi au besi za kushikika, na maji ya asili ya mwambani yawe na kalsiamu. Kimoja kikikosekana, usitarajie kitu.

## Ushahidi unaovutana

Endicott, Alaska: mwaka 2008 BP ilianza kudunga maji ya chumvi kidogo kwenye kisima kimoja, na kisima cha uzalishaji kilikuwa zaidi ya mita 300 kutoka hapo. Maji hayo yalipofika, kiwango cha maji katika kinachotoka kilishuka kutoka asilimia 95 hadi 92. Tatu zinaonekana chache, lakini zisome upande wa mafuta: kutoka mapipa 5 kwa kila 100 hadi 8.

Omar, Syria: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 walidunga maji ya mto Frati, yasiyo na chumvi ya maana, ndani ya mwamba wenye maji ya chumvi kali. Hawakuwa wakijaribu mbinu yoyote mpya. Mto ulikuwa karibu, basi. Miaka mingi baadaye wachambuzi wa Shell walirudi kwenye kumbukumbu za visima na kuona kiwango cha maji katika kinachotoka kikipanda kwa ngazi mbili, dalili kwamba mwamba ulibadilisha tabia shamba zima.

Clair Ridge, magharibi ya Shetland: uzalishaji ulianza Novemba 2018, na mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari ulijengwa kwenye jukwaa tangu siku ya kwanza. BP ilitarajia takriban mapipa milioni 40 ya ziada.

Kisha Snorre, Norway. Maabara ilionyesha nyongeza ndogo, na jaribio la kisimani likaonyesha karibu hakuna. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba mwamba ule tayari ulikuwa katika hali nzuri kwa maji ya bahari, hivyo hapakuwa na cha kurekebisha.

Kisha Wyoming, jimbo ambako utafiti huu ulipata umaarufu. Mwaka 2011 Thyne na Gamage walichapisha tathmini ya mashamba 26, wakitafuta kama maji ya chumvi kidogo yaliongeza mafuta.

Hawakupata tofauti ya maana.

Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Inawezekanaje mbinu moja ifanye kazi Syria na ikose kufanya kazi kwao hao hao walioifufua?

## Ni tofauti, si uchache

Ukiweka mashamba hayo upande kwa upande, kinachojitokeza ni pengo kati ya maji yanayoingia na maji yaliyokuwemo. Omar ilikuwa na maji ya mwambani yenye makumi ya maelfu ya miligramu kwa lita, na mto uliyafuata na mia chache tu. Pengo ni kubwa mno, na kalsiamu iliyokuwa imetulia ikapoteza mizani yake. Lakini mwamba ambao maji yake ya asili hayana chumvi nyingi, au hayana kalsiamu, haushtuki. Umeshazoea.

Kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana husema maji ya kudunga yawe chini ya miligramu 5,000 kwa lita. Ni kanuni nusu. Nusu ya pili ni kwamba kalsiamu na magnesiamu katika maji yanayoingia ziwe kidogo kuliko zile zilizomo.

Sasa rudi kwetu, bonde la Albertine lenye Ziwa Albert. Maji ya Ziwa Albert yana chumvi chini ya gramu moja kwa lita. Kwa kipimo chochote ni maji ya chumvi kidogo. Kule Shetland walilazimika kujenga mtambo baharini ili wapate kitu cha aina hiyo. Kwa Tilenga, kule wilaya ya Buliisa, maji hayo yanatoka kwenye bomba la kuvutia maji ziwani, hayahitaji zaidi ya kuchujwa na kutibiwa.

Kwa hiyo Uganda inafanya mbinu hii bure tangu siku ya kwanza?

Si lazima. Mchanga wa mwamba wetu uliwekwa na mito na maziwa, haukuwekwa na bahari. Anayechukua mfano wa Endicott au Clair na kuubandika hapa amedhani kwamba maji ya mwambani yana chumvi ya bahari. Kila tabaka lina maji yake, na jibu la Jobi-Rii si lazima liwe jibu la Ngiri, wala jibu la Kingfisher kule chini ya mteremko. Uchache wa chumvi tunao. Pengo ni la kupimwa, shamba kwa shamba.

Wepesi wa kusema "maji yetu tayari ni baridi", yaani hayana chumvi, ndio unaonitia shaka zaidi, kwa sababu unaondoa sababu ya kupima.

## Maabara: mililita moja

Jaribio lenyewe kwa maneno ni rahisi. Kipande cha mwamba chenye kipenyo cha sentimita 3.8 na urefu wa kama 7.5 husafishwa kwa toluini na methanoli, hujazwa maji yanayofanana na ya mwambani, kisha mafuta ghafi husukumwa ndani hadi maji yagome kutoka. Hapo kipande huachwa katika joto la mwamba kwa wiki kadhaa ili mafuta na udongo vishikane upya; huko ndiko kukizeesha. Halafu yanasukumwa maji yenye chumvi hadi lisitoke hata tone la mafuta. Mwisho yanafuata maji ya chumvi kidogo, nawe unahesabu kilichoongezeka.

Angalia ukubwa wa kinachohesabiwa. Kipande hicho kikiwa na vinyweleo asilimia 25, ujazo wa vinyweleo hivyo ni kama mililita 21. Mafuta yakiwa asilimia 70 ya hapo, ni mililita 15. Nyongeza ya asilimia 5, ambayo watu wangeitangaza kwa furaha, ni mililita 0.75.

Mpira wa kupitishia maji wa mita moja wenye tundu la milimita 1.5 hubeba mililita 1.8.

Yaani mafuta yaliyolala kwenye mpira, kama hukuyatoa katika hesabu, yanatosha kuunda ugunduzi au kuufuta.

Makosa mengine huja kwa kuharakisha. Kasi sahihi, inayofanana na mwendo wa maji mwambani wa kama sentimita 30 kwa siku, ni mililita 3 hadi 4 kwa saa. Kuzungusha ujazo mmoja wa vinyweleo ni saa sita hivi, na hatua ya maji yenye chumvi inahitaji mizunguko kumi au zaidi. Fundi aliyechoka husimamisha hatua hiyo mapema, mafuta yaliyokuwa bado yanakuja polepole yakahesabiwa kama zawadi ya maji ya chumvi kidogo. Dawa ya hilo ni kuwa na kipande cha pili kutoka kina kile kile, kidungwe chumvi kidogo tangu mwanzo, na kwa kile cha kwanza kurudisha maji yenye chumvi mwishoni uone kama kuna chochote kinachoendelea kutoka.

Mwisho wa kipande una hila yake pia. Mafuta hukusanyika kwenye uso wa kutokea kwa nguvu za kapilari, na kipande kifupi kinaweza kuwa na sehemu kubwa ya mafuta yake pale. Maji mapya yakilegeza mafuta hayo ya mlangoni, umepima mlango, hujapima mwamba.

Na mafuta yetu yanaongeza tatizo ambalo vitabu vya Bahari ya Kaskazini havilisemi sana. Ni mafuta ya nta. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani linapashwa moto ili yasishuke chini ya nyuzi 50. Sampuli iliyopoa njiani ikaganda, kisha ikapashwa juujuu, ni kama sufuria ya mafuta ya nguruwe iliyoyeyushwa juu tu: unachota kile chepesi na kuacha nta chini. Pasha chombo chote, kizungushe, ndipo uchote. La sivyo mafuta unayoyatumia kuzeesha kipande hayana molekuli zile zile zilizoko mwambani.

Pamoja na mafuta, pima kinachotoka na maji: pH, kalsiamu, magnesiamu, na shinikizo kati ya ncha mbili. Mafuta yakiongezeka huku kemia ya maji haikubadilika, kuna kitu kingine kinachoendelea.

## Udongo unaovimba

Shinikizo hilo linastahili neno la peke yake. Kaolini ikikutana ghafla na maji yasiyo na chumvi hung'oka, na smektaiti, aina nyingine ya udongo wa mfinyanzi, huvimba. Chembe zilizong'oka husafiri hadi kwenye shingo nyembamba ya vinyweleo na kuziba. Katika mchanga usioshikamana vizuri, kama mwingi wa bonde letu, madhara ni mawili: kisima cha kudunga hukataa maji, au mchanga wenyewe huanza kusogea.

Namna ya kujua ni kushusha chumvi kwa ngazi: miligramu 10,000, kisha 5,000, 2,000, 500, ukikaa kila ngazi hadi shinikizo litulie. Ngazi ambayo shinikizo hupanda lisishuke tena ndiyo kikomo chako. Kisha rudia kwa kipande kipya, safari hii ukiruka moja kwa moja hadi maji ya ziwa, kwa sababu kisimani hakuna atakayeshusha kwa ngazi.

Kuna wanaofurahia kuziba huko, wakisema maji hulazimika kutafuta njia mpya. Wakati mwingine ni kweli. Ila huwezi kuchagua kinachozibwa ni kinyweleo kipi.

Mambo mengine ya maji ya ziwa nitayataja haraka. Ni ya alkali, pH karibu 9, yana bikaboneti; yakikutana na maji ya mwambani yenye kalsiamu, chokaa inaweza kujiganda kwenye kisima. Yana oksijeni, ambayo lazima iondolewe kabla haijala chuma, na bakteria wanaohitaji dawa. Na ni ya joto la ziwa la kitropiki, chini sana ya joto ambalo nta huyeyuka, kwa hiyo kudunga bila kupasha kunaweza kuongeza nta mahali ulipotaka kuiondoa.

## Kisima kimoja kwanza

Kabla ya kuamini kipande cha sentimita 7.5, kuna jaribio la kisima kimoja. Unadunga etili asetati kidogo ndani ya maji, unafunga kisima siku kadhaa, sehemu ya asetati inageuka ethanoli. Ukifungua, ethanoli haipendi mafuta hivyo inarudi na maji, ila asetati inavutwa na mafuta yaliyobaki hivyo inachelewa. Kuchelewa kwake kunakuambia mafuta yaliyobaki ni kiasi gani. Unafanya mara moja baada ya maji yenye chumvi, mara ya pili baada ya maji ya chumvi kidogo, unalinganisha.

Linafika mita chache tu kutoka kisimani. Hata hivyo linagusa mwamba halisi, wenye mafuta halisi, na kwa hilo pekee naliweka mbele ya maabara. Ndilo lililowaokoa Snorre wasijenge mtambo usio na faida.

Nikilazimishwa kusema faida kubwa ya maji ya ziwa itatokea wapi, nitataja mahali pasipozungumzwa sana: polima. Molekuli za polima za kunenepesha maji hujikunja kwenye chumvi na kujinyoosha kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mnato ule ule unapatikana kwa kilo pungufu. Na polima hutibu ile sababu ya kwanza, ya maji kukimbilia njia ya mkato, ambayo kwa mafuta yenye mnato ndiyo inayoacha mengi zaidi.

## Maji yanayorudi

Kisima cha uzalishaji kinapozeeka hutoa maji mengi kuliko mafuta, na mpango ni kuyarudisha maji hayo chini badala ya kuyamwaga. Ni uamuzi sahihi kwa ziwa na kwa hifadhi ya Murchison Falls. Lakini maji hayo yamebeba chumvi na kalsiamu ya mwambani.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, ziwa ni miligramu 500 na maji yanayorudi ni 9,000. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata 4,750, bado chini ya kikomo cha 5,000. Ukifika robo tatu ya maji yanayorudi, ni 6,875. Miaka ya mwanzo inaweza kuwa ya chumvi kidogo bila mtu kukusudia, na miaka ya baadaye isiwe, bila mtu kuamua. Baada ya muda maji yanayorudi nayo huanza kulainika, kwa kuwa sehemu yake ni yale yale ya ziwa yaliyotangulia.

Huhitaji kudunga maji ya ziwa milele. Kazi ya BP ilionyesha kwamba bonge la maji ya chumvi kidogo la kama asilimia 40 ya ujazo wa vinyweleo linatosha, mradi lisichujuke kwa kuchanganyika njiani. Hivyo mpangilio wenye akili ni kutenganisha mabomba: maji ya ziwa yaende kwanza kwenye maeneo mapya, maji yanayorudi yafuate nyuma yake au yapelekwe kwenye maeneo yaliyokwisha kusukumwa. Hilo linahitaji mistari miwili hadi kwenye kiwanja cha visima, na mistari huamuliwa kabla ya mtaro kufukiwa.

Kuna sampuli moja ambayo haiwezi kupatikana baadaye kwa bei yoyote: maji ya asili ya mwambani kutoka kila tabaka, yaliyochukuliwa kabla maji ya kudunga hayajafika kisimani. Ichukuliwe kwa chombo kinachofungia shinikizo, kalsiamu na pH zipimwe pale pale kiwanjani kwa sababu pH hubadilika gesi ikitoroka, na kloridi (sehemu ya chumvi) ya kila kisima iandikwe kila mwezi kuanzia siku kinapofunguliwa. Siku maji ya ziwa yatakapotokea upande wa pili, kloridi itashuka, na aliye na orodha hiyo ataweza kusoma kama mafuta yalipanda nayo.

Kisima cha kwanza kufikiwa kikishapita bila orodha, tabaka hilo haliulizwi tena.